Mwenyewe Atakuja

Nilikuwa uani, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi ya mchana. Mwanangu Salha, aliyekuwa ndiyo kwanza amejua kutembea, akatoka ukumbini akija kwangu kwa kuyumbayumba, midomo kaifumba. Mtoto wa umri ule hafumbi mdomo bila sababu. Nikamwambia afungue, akatikisa kichwa. Nikamshika taya, nikapitisha kidole, nikatoa betri. Ile bapa ya duara, kama ya saa lakini pana zaidi, ambayo hukaa ndani ya kila kompyuta. Ulimi wake ulikuwa na alama nyeusi.

Sikupiga kelele. Nilimsukutua mtoto kinywa, nikamfunga mgongoni kwa kanga, nikaingia ukumbini na kuanza kutoa. Nilianza na lile sanduku la kompyuta ambalo sote tunaliita sipiyu, lililokuwa karibu yangu, ubavu wazi. Nikalivuta hadi mlangoni, nikalitupa nje ya baraza. Nikarudi nikachukua jingine. Kisha kibodi, kisha printa. Kisha monita moja ya chogo ambayo sikuweza kuibeba, nikaibiringisha. Watu waliokuwa wanapita na baiskeli zao wakashusha miguu chini wakasimama kutazama.

Baba mkwe wangu akarudi kutoka swala ya adhuhuri akakuta vitu vimelala barabarani na mimi nimesimama juu yake. Nikamnyooshea mkono wenye betri.

"Baba, hii nimeitoa kinywani mwa Salha."

Akaichukua. Akaiweka kiganjani, akaigeuza, akavaa miwani, akaigeuza tena.

"Ya ofisi ya mtaa hii," akasema. "Nilikuwa naitafuta."

Halafu akavua kofia, akaiweka barazani, akainama na kuanza kurudisha vitu ndani, kimoja kimoja, akivifuta vumbi kwa pindo la kanzu. Nilitegemea hasira inipande. Kilichokuja ni ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Mpaka leo haijaisha. Mtu akiniuliza baba mkwe wako alikuwa mtu wa namna gani, kabla sijamjibu chochote nalisikia lile neno: nilikuwa naitafuta.

Mtaa mzima wa Chumbageni walimwita Fundi. Mimi nilimwita baba, na yeye aliniita mkamwana, hata nilipokwisha kuzaa na wengine wote wakawa wananiita mama Salha. Alikuwa na fremu yake ya kazi karibu na soko. Alianza na redio, akaja kwenye tivii, akaishia kwenye kompyuta. Nilipoolewa fremu ilikuwa imekwishafungwa, mwenye jengo alilitaka, na kila kilichokuwemo kilihamia nyumbani kwa guta, safari juu ya safari. Kwa hiyo mimi niliingia bibi harusi katika nyumba ambayo ukumbini unapita kwa ubavu. Chumba cha pili mkono wa kushoto kilijaa hadi kwenye boriti. Ndicho nilichoambiwa kitakuwa cha watoto.

Monita za chogo zilipangwa zikiangalia ukuta. Kibodi zilifungwa kwa mpira wa baiskeli, mafungu mafungu, kama kuni. Ndoo za skrubu. Waya zilizojisokota zenyewe mpaka hujui mwanzo ni upi. Printa ambazo mijusi walitagia ndani. Juu ya sipiyu ya ofisi ya mtaa tuliweka mtungi wa maji ya kunywa, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuuweka, na hata hilo alilikubali kwa shingo upande: "Lakini chini yake tandika kitambaa, mkamwana. Ni mali ya serikali."

Watu walidhani ni mzee anayependa takataka. Wapo wazee wa namna hiyo, hata babu yangu kule Muheza aliweka makopo. Huyu hakuwa hivyo. Chake mwenyewe hakikukaa. Muuza kahawa alisifia redio yake siku moja, jioni ile ile redio ikaondoka na muuza kahawa. Idi moja mume wangu alimletea kanzu mpya, haijawahi hata kuvaliwa, bado ina alama za mkunjo, akampa mtu aliyemkuta msikitini amevaa iliyotatuka. Chumbani kwake kulikuwa na kitanda, msala, birika la udhu na vikoi viwili. Ungeweza kufagia kile chumba huku umefumba macho.

Vilivyojaa nyumbani vilikuwa vya watu. Walivileta vitengenezwe, hawakurudi kuvichukua, na yeye akasema ni amana. Neno hilo nimefundishwa chuo cha Kurani tangu mdogo na sina ubishi nalo. Lakini aliyenifundisha hakuniambia kwamba amana inaweza kukaa chumbani mwa mwanangu, halafu mwanangu akalala na mimi na baba yake kitanda kimoja hadi anajua kutembea.

"Mwenyewe atakuja," alisema. Ukimwuliza lini, alirudia vile vile, kwa sauti ile ile, kama mtu uliyemwuliza kama jua litachomoza.

Na hakuandika majina. Kila asubuhi baada ya chai alipita ukumbini taratibu, kidole kikigusa kimoja baada ya kingine, na mimi niko nyuma yake na ufagio nangoja apite. "Hii ya mwalimu wa chekechea. Hii ya mama wa sare za shule, ilipigwa na radi, maskini. Hii ya bwana wa mkonge aliyehamia Korogwe. Hizi mbili za dada wa steshenari. Hii ya serikali." Halafu anaingia kile chumba, lakini kwanza anasimama mlangoni anapiga hodi. Katika nyumba yake mwenyewe, kwa chumba kisicho na mtu. Nilimwuliza siku za mwanzo, "Baba, unambishia nani hodi?" Akaniangalia kama sijafunzwa kwetu. "Vitu vya watu, mkamwana."

Mimi nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, lakini kichwa ninacho. Miaka minne ya kufagia nyuma ya mtu anayesoma vitu kwa kidole, nilivijua vyote na wenyewe wote kama sura fupi za juzuu ya mwisho. Sikukusudia. Vilinikaa tu.

Alivyofanya kazi hakuna fundi mwingine niliyemwona akifanya. Mafundi wote huchukua hiki hapa wakatia kule. Yeye, skrubu ya mtu huyu haikwenda kwa mtu yule. Mwaka juzi adapta ya king'amuzi chetu iliungua. Nyumbani tuna boksi zima la adapta, zimejaa hata kifuniko hakifungi. Nikachagua moja inayofanana, nikamwonyesha.

"Hii inaingia, baba."

"Inaingia."

"Basi niichomeke."

"Una ruhusa ya mwenyewe?"

"Mwenyewe ni nani?"

"Bwana wa mkonge."

"Si yuko Korogwe?"

"Basi mfuate Korogwe."

Sikujua kama anatania. Hakucheka. Tulikaa na tivii nyeusi hadi mume wangu aliporudi na kununua nyingine. Mume wangu anaendesha lori la saruji, wiki hii yuko Arusha, wiki ile hujui. Na kila siku ya ile tivii nyeusi baba mkwe wangu alikaa mbele yake baada ya isha, kwa adabu kabisa, kama mtu anayengoja taarifa ya habari.

Sasa niseme lile ambalo wanaomsifia hawalisemi. Mtu huyu ambaye hakuweza kuhamisha skrubu ya mtu alikuwa mwongo. Mwongo wa kifundi. Nimemsikia kwa masikio yangu, nimekaa barazani nachambua mchicha, mwalimu wa chekechea anasimamisha baiskeli yake.

"Shikamoo fundi. Vipi ile yangu?"

"Marahaba mwalimu. Tayari kabisa, imebaki kufunga tu. Njoo kesho."

Haikuwa tayari. Haikuwa imefunguliwa. Mwalimu alipoondoka nikamwambia, "Baba, mbona umemwambia kesho?"

"Kwa sababu leo haiwezekani."

Alikuja kesho, akaambiwa kesho. Akaja tena. Akaanza kupita upande wa pili wa barabara. Halafu hatukumwona. Wote wale waliondoka hivyo. Aliwafukuza kwa mdomo wake mwenyewe halafu akakaa barazani kuwangojea, na kwa moyo safi kabisa akashangaa kwa nini hawaji. Nilikuja kuamini kwamba yeye mwenyewe aliisadiki ile kesho. Lakini kusadiki kwake hakukunipa mimi chumba.

Wanunuzi wa chuma chakavu walimjua. Walipita na mizani yao wakasimama mlangoni wakichungulia ukumbi kama watu wanaotazama biriani.

"Mzee, hizi hata waliozitengeneza wamezisahau."

"Waliozitengeneza sio walionikabidhi," akajibu, akafunga nusu ya chini ya mlango.

Shehe wa msikiti wetu alijaribu. Nilimwomba mimi, kupitia mke wake. Akaja akanywa chai, akaeleza vizuri kwamba amana ya mtu asiyeonekana hutangazwa, watu wasikie, na wasipotokea kuna utaratibu wake. Baba mkwe wangu alisikiliza hadi mwisho.

"Nikitangaza nitasema nini, shehe? Kwamba mama wa sare ameshindwa kuja kuchukua chake? Unajua kwa nini hakuja? Biashara ilikufa. Nimsimamishe mbele za watu?"

Shehe akatazama kikombe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la kaimati mkononi, na nakumbuka niliwaza jambo moja tu: anamwonea huruma mama wa sare.

Na sitaki mtu aseme hakumpenda Salha. Alimpenda. Mchana tukipika bada, ule ugali wa muhogo, na samaki, alimpakata, akavaa miwani, akamchambulia samaki kwa ncha za vidole mpaka nyama inakuwa kama pamba. Mwiba mwembamba kama unywele aliuona. Betri aliyoiacha sakafuni siku moja kabla, alipofungua mashine ya ofisi ya mtaa na kuiweka vipande vipande juu ya mkeka, hakuiona.

Siku ile ya betri, baada ya kumaliza kumwangalia akirudisha vitu vyake, yaani vya watu, nilimpeleka mtoto zahanati. Nesi akamwangalia ulimi, akauliza ilikaa kinywani muda gani, nikasema sijui.

"Ungechelewa akaimeza, mama Salha, ingemtoboa koo. Hizi hazingoji ufike hospitali."

Alisema polepole huku anaandika kadi. Nikasema asante. Nikampigia mume wangu.

"Pole," akasema. Nikasikia honi za malori kwa nyuma. "Lakini baba ni mzee. Utamfanyaje?"

"Sijasema nimfanye kitu. Nimesema chumba kitoke."

"Subiri nirudi tutaongea."

Alirudi, tukaongea, akaondoka. Vitu vikabaki. Kilichobadilika ni kwamba baba mkwe wangu aliifunga ile mashine ya serikali kwa utepe wa gundi pande zote, betri ndani, na akaacha kumpakata Salha. Nilipomwekea mtoto karibu yake wakati wa chakula, alikuwa anaisogeza sahani kwanza, halafu anajisogeza na yeye.

Wiki moja baadaye akatoka baada ya chai bila kusoma vitu vyake kwa kidole. Alikuwa amefunga sipiyu ya mwalimu wa chekechea nyuma ya baiskeli kwa kamba. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwona akimpelekea mtu kitu. Nikauliza anaenda wapi. "Usagara," akasema. "Namrudishia mwenyewe." Nilisimama mlangoni nikamtazama hadi akakata kona. Nikaingia nikafagia pale ilipokuwa ile mashine. Palikuwa na mraba mweupe sakafuni. Nikamweka Salha juu yake, akakaa.

Alirudishwa jioni na bodaboda, sipiyu kaipakata, baiskeli ameisahau. Kijana wa bodaboda alinieleza kwamba walimkuta dukani, duka la magodoro, amesimama mlangoni tangu asubuhi anamwambia muuzaji nimekuletea mzigo wako. Chekechea ilikuwepo pale zamani. Muuzaji alimpa kiti, akampa maji, akamwambia arudi nyumbani.

"Mwalimu hayupo," baba mkwe wangu akaniambia. Alikuwa amechoka, uso una chumvi ya jasho. "Wameniambia nije kesho."

Akairudisha mashine kwenye mraba wake.

Baada ya pale alianza kupotea. Asubuhi akipita na kidole, akifika ya pili anasimama, ananigeukia. "Hii ya nani?" Namjibu, "Ya mama wa sare, baba. Ilipigwa na radi." "Eeh. Maskini." Anasogea. Siku moja alinikuta ukumbini na ufagio, akanisalimia vizuri, akaniambia mashine yangu iko tayari kabisa, imebaki kufunga tu. Nikampigia wifi yangu, yule mkubwa anayelima kijijini Mwera, akaja kumchukua. Aliondoka na msala na vikoi vyake viwili. Vya watu vikabaki na mimi.

Ungefikiri hapo ningeita watu wa mizani. Niliwaita. Walikuja, wakaweka mizani ukumbini, mmoja akainama kunyanyua sipiyu ya dada wa steshenari, na mimi nikasikia mdomo wangu unasema, "Hiyo ina mwenyewe." Wakanitazama. Wakabeba mizani yao wakaondoka, na wakaenda wakisimulia mtaani kwamba mzee amemwambukiza mkwewe. Nilikaa chini pale pale sakafuni. Hasira niliyokuwa nayo siku ile sijui ilikuwa ya nani.

Ndipo nilipokwenda Mwera, kuomba ruhusa. Nikamchukua Salha. Tulimkuta nyuma ya nyumba amekalia kitanda cha kamba, mihogo imeanikwa mbele yake, ana kijiti cha kufukuzia kuku. Alikuwa amekonda. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hamjambo nyumbani kwenu?"

Nikajua hanijui. Salha alikwenda akasimama kati ya magoti yake, na yeye akainua mikono juu, akaiweka mbali naye, kama mtu aliyeambiwa asiguse.

"Baba, nimekuja kukuomba ruhusa. Vile vitu vya nyumbani Tanga nivitoe."

"Vitu gani?"

"Kompyuta."

Akafikiri. Kuku akapanda juu ya mihogo, hakumfukuza.

"Si vyangu," akasema. "Nikupe ruhusa ya nini?"

Basi nikaanza. Sijui kwa nini, labda kwa sababu safari ilikuwa ndefu na sikutaka kurudi mikono mitupu. Nikavisoma kwa mpangilio wake, tangu mlangoni. Ya mwalimu wa chekechea. Ya mama wa sare. Ya bwana wa mkonge. Mbili za dada wa steshenari. Kila kimoja akaitikia eeh, na kidole chake juu ya goti kikawa kinasogea. Niliendelea hadi ndani ya kile chumba, hadi boriti, hadi boksi la adapta. Wifi alitoka jikoni akasimama akasikiliza. Nilipomaliza, mzee alinitazama kwa mara ya kwanza.

"Wote hao hawajaja?"

"Hawajaja."

"Umewaambia?"

"Sijawaambia, baba. Hukutaka watangaziwe."

"Waambie," akasema. "Vitu vya watu, mwanangu. Watu wana watoto."

Sikujua alimaanisha watoto wa nani, na sikumwuliza. Sijamsamehe. Nilimbusu mkono, nikamfukuzia kuku, nikaondoka.

Jumatatu yake nikabandua utepe kwenye mashine ya serikali, nikatoa betri kwa ncha ya kisu, nikaifunga kwenye pindo la kanga, nikaenda ofisi ya mtaa. Mtendaji ni mtu wa rika langu, mpole. Akafungua kitabu cha malalamiko.

"Unamlalamikia mkweo, siyo? Tumesikia habari za vile vitu. Poleni sana."

"Mkwe wangu simlalamikii. Nalalamikia wenye vitu. Andika, wa kwanza ni ofisi hii."

Akacheka kidogo. Alipoona sicheki akaweka kalamu. "Dada yangu, mwenyekiti leo hayupo. Ungekuja kesho."

"Siji kesho," nikasema. Nikamwachia Salha atembee mle ofisini, nikavuta kiti nikakaa. "Andika."

Akaandika. Nilimfanya anisomee hadi aliposoma nilivyotaka, na hivi ndivyo malalamiko yangu yalivyo katika kitabu chao:

"Mlalamikaji, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Chumbageni, analalamika kwamba wafuatao walikabidhi mali zao kwa fundi, baba mkwe wake, na hawakurudi. Kwanza, ofisi ya serikali ya mtaa. Pili, mwalimu wa chekechea iliyokuwa Usagara. Tatu, mama mshona sare za shule. Nne, bwana wa mkonge aliyehamia Korogwe. Tano, dada wa steshenari, mashine mbili. Wengine mlalamikaji atawataja kwa mdomo, anawajua wote. Fundi hakuvunja amana ya mtu yeyote. Fundi aliwaambia waje kesho, na kesho hiyo imekwishapita. Mlalamikaji hadai fidia. Anadai chumba cha mtoto. Anaomba wenyewe waje, wakiwa na mikono ya kubebea. Kielelezo: betri moja, mali ya ofisi hii, iliyotolewa kinywani mwa mtoto."